Mzee mwenye Parkinson akianza kusahau, familia isinyamaze

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye miaka 71, anayeishi na mkewe kijijini, mkoani Kilimanjaro. Miaka tisa iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alipelekwa hospitali, akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, akaanza dawa. Familia nzima ilijua, majirani walijua, hata wajukuu walizoea kumshikia babu kikombe cha chai asije akajimwagia.

Kuna jambo jipya ambalo hawajalizungumza. Mwaka huu mwalimu huyo, aliyefundisha hesabu kwa miaka 30, alishindwa kuhesabu chenji ya sukari dukani. Usiku humwambia mkewe awape chakula wale watoto waliosimama karibu na kabati, na karibu na kabati hakuna mtu. Kesho yake anaamka yuko vizuri, anauliza habari za migomba na kutania wajukuu, mpaka mkewe anajiuliza kama ya jana aliyaota.

Binti yao mkubwa, anayeishi Dar es Salaam na watoto wake wawili, akipiga simu huambiwa, "Baba yako hajambo, kachoka tu." Kaka yake anashikilia kwamba kuna mkono wa mtu, na anayelimezea mate shamba la mzee anajulikana. Mama yeye hasemi neno. Anachoogopa ni kimoja tu, watu wasije wakasema mume wake amekuwa mwendawazimu.

Nyumba zenye ukimya wa aina hii ni nyingi. Ukimya wenyewe hutokana na heshima, maana hakuna mtoto anayetaka kumvunjia baba hadhi. Lakini kadiri siku zinavyopita, ndivyo mzee anavyopoteza nafasi ya kusema mwenyewe anataka nini, huku akili yake ikiwa bado inamruhusu.

Ugonjwa uliozoeleka kama wa mikono

Sababu moja ya ukimya huu ni kwamba watu wengi wanaamini Parkinson ni ugonjwa wa mwili peke yake. Imani hiyo ina umri mrefu. James Parkinson, daktari wa London ambaye jina lake ndilo ulilopewa ugonjwa huu, aliandika juu yake mwaka 1817 akieleza habari za wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona barabarani tu. Aliona kutetemeka, mgongo kupinda na hatua fupi zinazotaka kugeuka mbio. Aliandika pia kwamba fahamu na akili za mgonjwa hubaki salama.

Hapo hakuwa sahihi, lakini neno lake lilidumu. Ilichukua muda mrefu kwa madaktari kukubali kwamba ugonjwa unaoanzia kwenye mkono unaweza kufika kwenye kumbukumbu, maamuzi na hata macho ya akili.

Yanayotokea ndani ya ubongo yanaelezeka. Katika chembe hai za ubongo hujikusanya mabonge madogo ya protini, yanayoitwa miili ya Lewy kwa jina la Friedrich Lewy, aliyeyaeleza mwaka 1912. Yanapoharibu sehemu inayotengeneza kemikali ya dopamini, mwili hukakamaa, hutetemeka na kuwa mzito. Miaka ikienda, kwa watu wengi mabonge hayo husambaa hadi kwenye sehemu za ubongo zinazofikiri na kupanga. Hapo ndipo dimensia inapoanza, yaani kupungua kwa uwezo wa akili hadi mtu ashindwe shughuli zake za kila siku.

Si uchawi, si laana na hauambukizi. Mzee hajifanyi, wala si mkaidi.

Ni wangapi hufika huko?

Si kila mwenye Parkinson hupata dimensia, na wanaoipata wengi huchukua miaka. Umri mkubwa na muda mrefu wa kuishi na ugonjwa ndivyo vinavyoongeza uwezekano.

Utafiti maarufu wa Sydney, Australia, uliwafuatilia wagonjwa tangu walipogunduliwa. Baada ya miaka 20, asilimia 83 ya waliokuwa bado hai walikuwa na dimensia. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa picha yenye nafuu kidogo. Katika kundi moja la wagonjwa walikadiria kwamba nusu huipata miaka 15 baada ya kugunduliwa, na katika kundi jingine idadi ilikuwa ndogo zaidi kwa miaka 10 ya mwanzo. Kwa familia, maana yake ni kwamba mara nyingi muda wa kujipanga upo, ila si wa kuchezea.

Hapa nyumbani wengi hawajui hata jina la kinachowasumbua. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita katika jamii ya watu zaidi ya 161,000 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson. Karibu wanane kati ya kila kumi hawakuwahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Katika wilaya hiyo hiyo, utafiti mwingine wa mwaka 2013 uliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ukakuta asilimia 6.4 wana dimensia ya aina mbalimbali. Kwa hiyo wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wanakosea.

Dalili si kusahau tu

Familia nyingi husubiri mzee asahau majina ya watoto ndipo zishtuke. Kwa mwenye Parkinson, mara nyingi dalili za mwanzo ni nyingine.

Mawazo huwa mazito. Ukimuuliza swali, jibu linachelewa. Kupanga jambo lenye hatua nyingi, kama kulipa vibarua au kufuata ratiba ya dawa, kunamshinda. Hukosea kukadiria umbali, akakaa pembeni ya kiti badala ya juu yake. Neno likimpotea, ukimdokeza kidogo hulikumbuka.

Hali yake hupanda na kushuka. Asubuhi anazungumza vizuri, alasiri anakodoa macho tu kama asiyekuwepo. Ndugu anayefika siku nzuri huondoka akisema, "Mbona mzee yuko sawa, mama anakuza mambo?"

Wengine huona vitu ambavyo havipo, hasa watoto, watu wasiowajua au wanyama, na mara nyingi hutokea kwenye mwanga hafifu. Wengine hupiga kelele na kurusha mikono usingizini kama wanaopigana, dalili inayoweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Ikiwa matatizo ya akili yalianza kabla ya yale ya mwili, au ndani ya mwaka 1, madaktari huita hali hiyo dimensia ya miili ya Lewy. Yakianza baada ya zaidi ya mwaka 1, kama kwa mwalimu wetu, huiita dimensia ya Parkinson. Mambo mengi katika kumuuguza mgonjwa ni yale yale.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura

Mzee aliyekuwa na nafuu jana, leo hajui yuko wapi? Hiyo si ya kungoja. Dimensia huja polepole. Kuchanganyikiwa ndani ya saa au siku chache mara nyingi kuna chanzo kingine, kama malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, kukosa choo kwa siku nyingi, kuanguka na kugonga kichwa, au dawa mpya. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Vingi kati ya hivyo hutibika.

Sonona nayo hufanana na dimensia, na huwapata wagonjwa wengi wa Parkinson. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na kutosikia vizuri. Ndiyo maana familia haipaswi kujihukumia yenyewe nyumbani kwamba "mzee ndiyo basi".

Dawa zinazohitaji tahadhari

Eneo hili ndilo ambalo ukimya huweza kugharimu maisha. Daktari asiyeambiwa kwamba mzee anaona watu wasiokuwepo, au asiyejua kwamba mgonjwa anayeletewa ana Parkinson, anaweza kuandika dawa isiyomfaa.

Haloperidol, inayotumika sana kutuliza wagonjwa wa akili, inaweza kumkakamaza mwenye Parkinson hadi ashindwe kutembea au kumeza. Metoclopramide, dawa ya kichefuchefu, nayo huzidisha ugonjwa. Benzhexol, ambayo wagonjwa wengi hupewa kupunguza kutetemeka, inaweza kuvuruga kumbukumbu na kuleta maono kwa wazee. Hata baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu hujinunulia dukani, humchanganya mzee.

Hata hivyo, familia isimwachishe mzee dawa yoyote kwa uamuzi wake. Kukatisha levodopa ghafla ni hatari kubwa. Kazi yenu ni kubeba dawa zote, pamoja na za mitishamba, kumwonyesha daktari na kumuuliza kama kuna ya kupunguza.

Ipo pia dawa iliyothibitishwa kusaidia. Rivastigmine iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya dimensia ya Parkinson. Haiponyi, lakini kwa baadhi ya wagonjwa huongeza umakini. Ulizeni kama inamfaa mzee wenu na kama inapatikana. Wenye miaka 60 na zaidi waulizie dirisha la wazee katika hospitali ya umma, na waombe rufaa ya kumwona bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Kabla ya kliniki, andikeni kwenye daftari au simu mambo haya: yalianza lini, siku nzuri zikoje na mbaya zikoje, analalaje, anaona nini, ameanguka mara ngapi. Kama ni vigumu kuyasema mbele yake, mpeni daktari karatasi.

Kuanza mazungumzo na mzee

Hili ndilo gumu kuliko yote. Wengi huhofia kwamba wakilitaja watamvunja moyo. Lakini mara nyingi mgonjwa ndiye wa kwanza kuhisi kwamba kichwa hakiko kama zamani, na anaficha kwa bidii ile ile ambayo familia inaficha kwake.

Chagueni saa ambayo dawa imeshika, mwili umelegea na mzee hajachoka. Isiwe jioni, isiwe kwenye kikao cha ukoo, wala mbele ya wajukuu. Mtu mmoja au wawili wanatosha. Zimeni redio.

Anzeni kwa kuuliza, si kwa kutangaza. Sentensi kama hii inatosha: "Baba, nimeona siku hizi hesabu zinakuchosha. Nawe umeona?" Kisha nyamazeni. Parkinson hupunguza kasi ya kujibu, hufanya sauti iwe ya chini na uso usionyeshe hisia. Uso huo usiwadanganye mkadhani hajali. Mpeni muda mrefu kuliko mliozoea.

Kama mila haziruhusu mtoto kumwanza baba kwa jambo hili, mwombeni mdogo wake, rafiki wa rika lake, au kiongozi wa dini anayemwamini. Kinachotakiwa ni jambo lisemwe kwa heshima, si lazima liseme na nani.

Akikataa au akikasirika, acheni. Mtarudi siku nyingine. Mazungumzo haya hayamalizwi kwa kikao kimoja.

Akiwa tayari, mwulizeni anayoyataka. Nani amsaidie kushika fedha? Akishindwa kukaa kijijini, aende kwa nani? Nani angependa amwogeshe? Anaogopa nini zaidi? Majibu hayo yaandikwe.

Fedha, ardhi na ndugu

Familia nyingi hugombana mzee akiwa tayari hawezi kuamua. Wosia unahitaji mtu mwenye akili timamu, na uliosainiwa wakati mgonjwa hajielewi ni mwanzo wa kesi. Mapema, mkiwa na mzee, mwoneni mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kuhusu wosia, hati za shamba na nani atamwakilisha.

Namba ya siri ya simu na kadi ya benki visiachwe vikizunguka mikononi mwa kila anayepita. Ndugu wakubaliane nani anashika, na wote waonyeshwe matumizi kila mwezi. Utaratibu huo humlinda mzee, na humlinda pia anayeshika fedha asisingiziwe.

Kwa ndugu anayesema ni uchawi, kubishana hakusaidii. Mwalikeni aje kliniki asikie mwenyewe. Anayetaka kuombewa dua au sala aombewe, mradi dawa haziachwi na mgonjwa hafungwi, hapigwi wala kupelekwa mahali pa kufungishwa chakula na maji.

Watoto nao waambiwe

Watoto huona kila kitu. Wasipoambiwa, huhisi wamemkosea babu, au huanza kumcheka.

Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha kusema, "Ubongo wa babu unaumwa, ndiyo maana anasahau. Hujamkosea, na ugonjwa wake hauambukizi." Mwenye miaka 12 anaweza kuelezwa jina la ugonjwa na kwamba utaendelea. Wapeni la kufanya pamoja naye, kama kuangalia picha za zamani, kutembea uani au kuimba nyimbo anazozijua. Lakini mtoto asiachiwe peke yake kazi ya kumlinda mzee, hasa penye jiko, ngazi au barabara.

Babu akisema anaona watu, asibishiwe na asidanganywe. Mtoto na mtu mzima waweza kujibu hivi: "Mimi siwaoni, babu. Wanakuogopesha?" Kama hawamwogopeshi, hakuna vita ya kupigana. Washeni taa, ondoeni nguo zilizotundikwa ukutani, funikeni kioo kinachomtatiza. Zikimtia hofu au akaanza kuwakimbia watu, mwambieni daktari.

Mama anayeuguza

Nyuma ya mgonjwa yupo mtu asiyelala. Mara nyingi ni mke, naye ana miaka yake na presha yake. Kumtumia fedha ni vizuri, lakini anahitaji pia usiku mmoja wa kulala. Ndugu wapange zamu. Aliye mbali alipie msaidizi au achukue likizo yake hapo. Na anapopiga simu kusema amechoka, asiambiwe avumilie.

Turudi kwa mwalimu. Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, binti anakaa naye kwenye benchi karibu na migomba, saa moja baada ya dawa ya asubuhi. Anamuuliza lile swali la hesabu. Mzee ananyamaza hadi binti anadhani hajasikia.

"Nimeona muda mrefu," anasema. "Nilifikiri nikisema, mama yenu ataogopa."

Mama yuko jikoni, anasikia. Wiki hiyo wanakaa wanne, yeye, mama, binti na kaka. Mzee anasema shamba la juu lisiuzwe, fedha ashike binti, na yeye asihamishwe kijijini ila hali ikilazimu. Kaka anaandika. Januari anampeleka kliniki akiwa na mfuko wenye dawa zote, na daktari anabadilisha moja.

Wale watoto wa karibu na kabati bado huja, ingawa si kila usiku. Siku hizi mjukuu akipiga simu huuliza, "Shikamoo babu. Leo wamekuja?"

"Marahaba. Wamekuja wawili tu," babu anajibu, "na hawana fujo kama ninyi."